Kuta Ndani ya Jiwe la Mlima Kenya

Wiki hii hakuna PHP wala hifadhidata. Nataka niwasimulie historia ya jiwe. Najua kuna watakaouliza mwandishi wa programu anatafuta nini kwenye mawe. Subirini kidogo, maana hadithi hii inaanzia mlimani kwetu na kufika hadi kwenye kumbukumbu za tarakilishi.

Kuna jiwe linaloitwa kenaiti. Ndiyo, jina hilo limetokana na Mlima Kenya. Ndani ya jiwe hilo mna fuwele zinazoonekana kwa macho matupu, na ndani ya fuwele hizo mna kuta nyembamba ajabu, unene wake ni nanomita chache tu. (Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni.) Kwa miaka mingi kuta za namna hiyo zilihesabiwa kuwa kasoro, au kwa wanajiolojia, alama ya kutambulisha madini. Leo kuna maabara zinazotaka kuunda vifaa vya elektroniki kwa kutumia kuta zenyewe. Kasoro iligeukaje kuwa somo? Na sisi tulikuwa wapi wakati huo wote? Hayo ndiyo ninayotaka tuyaangalie.

Kikoa si .co.ke tu

Sisi watu wa mtandao tukisikia "kikoa" tunafikiria anwani ya tovuti. Wanafizikia wana kikoa chao, na ni rahisi kukielewa ukitumia katoni.

Chukua katoni tupu, ifungue juu na chini ibaki na kuta nne tu. Ilaze ubavu, kisha isukume kidogo. Itaegemea kulia au kushoto. Hakuna upande ulio bora kuliko mwingine. Yote miwili ni sawa kwa katoni. Sasa fikiria mamilioni ya katoni hizo zimebandikwa pamoja, safu juu ya safu. Jirani akiegemea kulia, nawe huna budi kuegemea kulia, la sivyo mtavutana. Lakini mbali kidogo kuna kundi jingine lililoanza kwa kuegemea kushoto. Kila kundi ni kikoa. Mahali makundi hayo mawili yanapokutana ndipo penye ukuta.

Fuwele nyingi hufanya hivyo zinapopoa. Zikiwa na joto jingi zinasimama wima, zikipoa zinaegemea. Kama kinachoegemea ni usumaku, tunaita feromagneti, kama chuma. Kama ni mpangilio wa chaji za umeme, fuwele ni feroelektriki. Kama ni umbo lenyewe la fuwele, ni feroelastiki. Kuna fuwele zenye sifa mbili kwa pamoja. Neno "fero" hapa lisikudanganye, si lazima mle mwe na chuma. Ni jina la heshima kwa ndugu mkubwa aliyejulikana kwanza.

Ndugu huyo mkubwa, yaani sumaku, ndiye aliyefungua njia. Mwaka 1907 Mfaransa Pierre Weiss alipendekeza kwamba ndani ya chuma mna maeneo madogo, kila moja na upande wake wa usumaku. Ilikuwa dhana tu, hakuna aliyeyaona. Mwaka 1919 Mjerumani Heinrich Barkhausen alizungushia chuma waya, akaunganisha waya huo na kikuza sauti, akasogeza sumaku polepole. Akasikia mikwaruzo midogo midogo. Chuma hakikuwa kinageuka kwa ulaini, kilikuwa kinaruka hatua kwa hatua, ukuta mmoja ukikwama halafu ukichomoka. Kwa hiyo binadamu walizisikia kuta hizi kabla ya kuziona. Mwaka 1931 Francis Bitter wa Marekani alimwaga unga laini wa oksidi ya chuma juu ya sumaku iliyosuguliwa vizuri, na unga ukajipanga kwenye mipaka ya vikoa. Mwaka uliofuata Felix Bloch akaandika hesabu ya ukuta wenyewe.

Upande wa umeme, Joseph Valasek wa Chuo Kikuu cha Minnesota alionyesha mwaka 1920 kwamba fuwele za chumvi ya Rochelle zinakumbuka upande zilikogeuzwa na umeme. Miaka ya 1940, wakati wa vita, watafiti wa Marekani, Urusi ya Kisovieti na Japani waligundua kila mmoja kivyake kwamba titaneti ya bariamu ina tabia za ajabu za umeme. Kauri hiyo ndiyo iliyomo kwenye kapasita ndogondogo zilizojaa kwenye simu yako. Ukiwa na simu mfukoni, basi unatembea na vikoa mfukoni.

Sasa turudi nyumbani.

Gregory na mizigo ya mawe

Mwaka 1893 mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory, aliyekuwa akifanya kazi kwenye jumba la makumbusho la British Museum, aliondoka Mombasa na msafara wake kuelekea bara. Alifika Baringo, akafika Mlima Kenya, akapanda hadi kwenye barafu ingawa hakufika kileleni. Ndiye aliyelipa Bonde la Ufa jina lake la Kiingereza, ambalo kila mtoto wa Kenya analikariri shuleni. Mawe aliyokusanya hayakutembea yenyewe. Yalibebwa na wapagazi. Vitabuni jina linabaki la mmoja, mgongoni uzito ulikuwa wa wengi.

Mwaka 1900, baada ya Halford Mackinder na waongozaji wake wawili wa milimani kufika kilele cha Batian mwaka 1899, Gregory alichapisha makala kuhusu jiolojia ya mlima huo. Humo ndimo alimolipa jiwe jina la kenaiti. Ni jiwe la volkeno, jeusi jeusi na lenye asili ya kioo kwa sababu lava ilipoa haraka, na ndani yake zimetawanyika fuwele kubwa za feldspa ya aina iitwayo anothoklasi. Jina anothoklasi lilitolewa na Mjerumani Rosenbusch mwaka 1885 kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kuvunjika kusikonyooka", kwa sababu fuwele hiyo ikipasuka pembe zake hazifiki nyuzi 90 kamili. Zinakosea kidogo tu. Kumbuka hilo kosa dogo, tutalirudia.

Halafu likatokea jambo ambalo hunifurahisha kila nikilifikiria. Mawe yaliyoletwa kutoka kisiwa cha Ross, kule Antaktiki, yalipochunguzwa, yalionekana kuwa ya aina hiyo hiyo. Machi 1908 watu wa msafara wa Shackleton, wakiongozwa na Edgeworth David, waliupanda Mlima Erebus kwa mara ya kwanza na kukuta fuwele za feldspa zimetapakaa juu kule. Fuwele za Erebus zinaweza kufika sentimita 10. Kwa hiyo kwa miaka mingi, katika vitabu vya wapelelezi wa ncha ya kusini ya dunia, mahali ambapo hakuna mti hata mmoja, neno lililoandikwa kwenye ramani za mawe lilikuwa na jina la mlima wetu.

Shuka ndani ya jiwe

Kinatokea nini ndani ya fuwele hiyo? Anothoklasi imeundwa kwa silikoni, alumini na oksijeni zilizoshikana kama fremu yenye mashimo. Ndani ya mashimo hayo mna atomu za sodiamu na potasiamu. Magma ikiwa moto, atomu zinatikisika sana na fremu inasimama wima, kama katoni iliyoshikwa pande zote. Jiwe likipoa, fremu haina tena nguvu ya kujishikilia, inaporomoka kidogo na kuegemea. Sodiamu ni ndogo kuliko potasiamu, haijazi shimo vizuri. Kwa hiyo fuwele yenye sodiamu nyingi inaporomoka mapema, kwenye joto la juu. Kwa sodiamu tupu ni karibu nyuzi 980 za Selsiasi. Ukiongeza potasiamu joto hilo linashuka, na potasiamu ikifika takriban theluthi moja ya atomu hizo, badiliko linashuka hadi karibu na joto la kawaida la chumbani.

Kulia au kushoto? Fuwele haina sababu ya kuchagua. Sehemu moja inakwenda huku, nyingine kule, na kuta zinazaliwa. Lakini ukuta hauwezi kukaa popote tu. Unatakiwa kukaa mahali ambapo maumbo mawili yaliyoegemea tofauti yanaweza kushonana bila kuacha mwanya wala mkunjo. Ukipiga hesabu unapata kwamba bapa zinazofaa ni za aina mbili tu, na aina hizo zinakutana karibu kwa pembe mraba. Kwa hiyo fuwele inajaa mistari ya kwenda na mistari ya kukata, kama nyuzi za kitambaa. Wazungu huifananisha na nguo za Waskoti. Mimi nasema ni shuka ya Kimaasai.

Ili uione, unakata jiwe na kulisugua hadi libaki unene wa milimita 0.03, ambapo mwanga unapenya, kisha unaliweka kwenye darubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana. Kikoa kimoja kinang'aa wakati jirani yake ni mweusi. Ukizungusha jiwe, vinabadilishana. Kwa mwanajiolojia wa zamani hiyo ilikuwa alama tu: ukiona shuka ndani ya lava, andika anothoklasi, endelea na jiwe la pili.

Lakini angalia jambo moja. Kuta hizo hazikuwepo fuwele ilipoota. Zimetokea baadaye, wakati wa kupoa. Ukiipasha moto fuwele ya namna hii vya kutosha, mistari inatoweka, ukiipoza, inarudi. Jiwe lililotulia tangu volkeno ya Mlima Kenya ilipozimika, zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, bado linabeba rekodi ya namna lilivyopoa.

Alama inapogeuka kuwa swali

Mwaka 1969 Mjapani Keitsiro Aizu alitoa jina feroelastiki na kuorodhesha aina zote za fuwele zinazoweza kuwa na tabia hiyo. Mwaka 1975 Mfaransa Jacques Sapriel alipanga kihesabu ni bapa zipi ukuta unaweza kukaa katika kila aina. Ghafla mistari ambayo wanajiolojia walikuwa wakiichora kwa karibu karne nzima ilikuwa na maelezo, na maelezo hayo yalikuwa jiometri safi. Ule upungufu mdogo wa nyuzi 90 alioupa jina Rosenbusch ndio kipimo cha kiasi fuwele ilivyoegemea.

Mwaka 1985 Ekhard Salje, Mjerumani aliyehamia Cambridge, alianza kuchapisha nadharia ya feldspa za sodiamu akitumia hesabu zile zile za Landau zinazotumika kwa sumaku. Mwaka 1996 kundi la Cambridge likapima kwa eksirei unene wa kuta ndani ya anothoklasi. Ni nanomita chache tu. Jiwe la volkeno likawa kifaa cha maabara.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1998 Alison Aird na Salje walionyesha katika oksidi ya tangsteni kwamba kuta zinaweza kupitisha umeme bila ukinzani wowote, kwenye baridi kali, wakati sehemu nyingine ya fuwele haifanyi hivyo. Mwaka 2009 Jan Seidel na wenzake, wengi wao wakiwa Berkeley, walionyesha kwamba kuta ndani ya feriti ya bizmathi zinapitisha umeme hata kwenye joto la chumbani, ingawa fuwele yenyewe ni kihami. Mwaka 2012 Sandra Van Aert wa Antwerp na wenzake waliona kwa darubini ya elektroni kwamba kuta za titaneti ya kalsiamu zina mpangilio wa chaji ambao fuwele yenyewe haina kabisa. Na mwaka 2017 ikachapishwa kumbukumbu ya majaribio ambamo biti inasomwa kwa kuangalia kama ukuta upo au haupo.

Tafakari hilo kama mwandishi wa programu. Sisi tumezoea kwamba data iko ndani ya kisanduku na mpaka wa kisanduku ni gharama tu. Hapa mpaka ndio data. Na tofauti na waya uliochongwa kwenye silikoni, ukuta unaweza kuuandika, kuusogeza, na kuufuta. Tusiseme uongo lakini: vifaa hivi bado ni vya maabara. Kuta zinakwama kwenye kasoro nyingine, na kusogeza ukuta mmoja mahali unapotaka mara bilioni bila kukosea ni kazi ngumu. Kumbukumbu za viputo vya sumaku zilitumia wazo la karibu na hili. Intel iliziuza kuanzia mwaka 1979, na kabla miaka ya 1980 haijaisha diski na chipu za bei rahisi zilikuwa zimezipiga kumbo. Fizikia nzuri si lazima iwe biashara nzuri.

Mzee na nyundo yake

Hapa Satellite, ukishuka Barabara ya Naivasha, hukosi kuona nyumba inajengwa. Karibu na ninapoishi kuna mzee anayechonga mawe ya ujenzi kwa nyundo na patasi. Siku moja nilimsalimia nikamuuliza anajuaje pa kupiga.

"Kijana wangu, kila jiwe lina njia yake," aliniambia. "Ukilazimisha litakuharibikia. Ukifuata njia, litakubali."

"Na njia unaionaje, mzee?"

"Huioni. Unaigonga kwanza, unasikiliza."

Njia anayoisema mzee si ukuta wa kikoa. Mawe yake ni majivu ya volkeno yaliyoshikamana, na hupasuka kwa kufuata namna majivu yalivyotua. Lakini njia yake ya kazi ni ile ile ya Barkhausen: gonga, sikiliza, jiwe litakuambia lilivyojengwa. Nairobi yote imekaa juu ya lava na majivu, na maarifa ya namna hiyo yako mikononi mwa watu wengi ambao hakuna aliyewahi kuwauliza swali la fizikia.

Hasara iko wapi

Nina binamu anayesomea jiolojia chuo kikuu. Nyumbani wanamuuliza kila likizo, "Mawe yatakulisha?" Na mimi niliyesomea tarakilishi ndiye ninayetolewa mfano wa mtoto mwenye akili. Mfano huo haunipendezi. Kumbukumbu ninazozitegemea kila siku kazini zilitokana na watu waliokaa miaka wakitazama fuwele bila kuahidiwa chochote.

Halafu kuna hili la jina. Leo neno kenaiti limestaafu. Wanajiolojia wengi wanaliita jiwe hilo fonolaiti, kwa sababu majina ya mahali yalikuwa yamezidi na ilibidi yapunguzwe. Sioni ubaya. Jina tulipewa na mgeni, na kuondolewa limeondolewa na utaratibu wa kisayansi wa haki. Kinachoniuma ni kwamba katika miaka yote jina hilo lilipokuwa hai, shuleni hatukuwahi kuambiwa lipo. Tulikariri urefu wa Batian, mita 5,199, tukapita. Ramani na ripoti ya jiolojia ya mlima aliyoandika B. H. Baker mwaka 1967 ilichapishwa na idara ya serikali ya hapa hapa Kenya. Mawe yamo humo, kwa majina yao. Hayakufichwa.

Kujivunia jina si kazi kubwa. Kazi ni kupima. Salje hakuhitaji mlima uwe wake ili aulize kwa nini mistari inakaa mahali inapokaa, na hakuna anayetuzuia kuuliza. Darubini za vichujio viwili si za maajabu. Ziko Chiromo, wanafunzi wa jiolojia wanazitumia kila muhula. Labda kinachopungua ni mtu wa fizikia na mtu wa programu kukaa kando ya mtu wa mawe. Picha moja ya shuka ile ina maelfu ya mistari yenye pembe za kupimwa, na kupima mistari kwenye picha ni kazi ambayo programu ndogo inaweza kuimaliza ukiwa unakunywa chai. Nimemwambia binamu yangu aniletee picha, kanuni nitaandika mimi.

Kwa wale mnaotaka kuanza leo: fungua ukurasa mweupe kwenye tarakilishi yako yenye skrini ya LCD. Mwanga wa skrini hiyo tayari umechujwa mara moja. Tafuta kikokotoo kilichokufa, bandua karatasi ya kijivu iliyo juu ya kioo chake, hicho ndicho kichujio cha pili. Kizungushe mbele ya skrini hadi kila kitu kiwe cheusi. Sasa weka rula ya plastiki isiyo na rangi katikati. Utaona rangi za upinde wa mvua, nazo zinaonyesha jinsi plastiki ilivyovutwa ilipokuwa ikipoa kiwandani. Ni kanuni ile ile ya darubini ya mawe.

Na ukienda mlimani, tazama mawe meusi yenye fuwele nyeupe njiani, lakini yaache pale pale. Ni mbuga ya taifa tangu 1949. Piga picha, uje utuonyeshe.